Jina la Mmoja, Chungu cha Wote: Kumsaidia Mwenza Kukabili Madeni



Nimeombwa nizungumze juu ya madeni ndani ya ndoa, na hasa juu ya kazi ya yule ambaye hakukopa: mume anayegundua kwamba mkewe anadaiwa, au mke anayegundua kwamba mumewe anadaiwa. Nimelipokea ombi hili kwa moyo, kwa sababu mtu huyu husahaulika. Semina za mikopo humfundisha mkopaji, afisa mikopo hufundishwa kufuatilia marejesho, na mwenza aliyeko nyumbani huachwa ajitafutie njia siku wadai wanapogonga mlango.

Kila anayedai anaujua usemi wetu: dawa ya deni ni kulipa. Usemi huu unamfaa mtu mwenye deni moja, anayejua kiasi chake na mwenye kipato cha kulilipa. Mtu ninayemzungumzia leo anadaiwa sehemu tano au sita, jumla yake haijui, na analipa kila siku. Rejesho la Jumatatu analilipa kwa fedha aliyokopa Jumamosi. Mtu wa namna hii ukimwambia alipe, umemwambia aendelee na kilekile kinachommaliza. Dawa yake inaanza mapema zaidi: madeni yote yajulikane, na yajulikane kwa mtu wa pili anayemtakia mema. Hoja yangu ni hiyo. Mwenza anayedaiwa anahitaji siri iishe, hesabu ipatikane, na asisimame peke yake mbele ya wanaomdai. Fedha zinafuata baada ya hayo matatu, na zikitangulia hupotea.

Deni linavyoingia nyumbani

Tuitazame nyumba ya kawaida ya mjini kwetu Tanzania. Baba anatoka alfajiri, anaacha shilingi 5,000 mezani. Ndani ya fedha hiyo kuna mkaa, unga, mboga, mafuta, nauli ya watoto na sabuni. Siku ya kwanza mama anasema haitoshi. Siku ya kumi ameshachoka kusema. Anaandikisha deni dukani kwa Mangi. Duka likikataa, anakopa kwenye kikoba. Mzunguko wa kikoba ukibana, anakwenda kwa wale ambao watu wenyewe wamewaita kausha damu, kwa sababu kwao hakuna maswali mengi: kitambulisho, picha, mdhamini jirani, na fedha mkononi siku hiyohiyo.

Baba naye ana yake. Amechukua pikipiki kwa mkataba na hesabu ya siku haifiki. Amekopa kazini, akakopa tena kwenye simu ili kufidia mshahara uliokatwa. Wengine wamekopa ili kubeti, wakabeti ili kulipa walichokopa. Naye hasemi, kwa kuwa amefundishwa tangu utotoni kwamba mwanamume hamwambii mke kuwa mfuko umetoboka.

Nataka tukae kidogo kwenye deni la mama, maana hapo ndipo dhuluma kubwa inapofanyika bila mtu kukusudia. Siku deni linapojulikana, swali la kwanza la mume huwa: hizo hela ulizipeleka wapi? Mara nyingi jibu liko tumboni mwa wote. Zilikuwa ugali wa mwezi wa pili, dawa ya mtoto, mchango wa msiba wa upande wa mume. Karatasi ina jina la mmoja, chungu kilikuwa cha wote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ililiona hilo zamani. Kifungu cha 63 kinamtaka mume amtunze mkewe kwa malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Kifungu cha 64 kinaendelea: pale ambapo mume hatoi matunzo, mke huhesabiwa kuwa na mamlaka ya kukopa kwa jina la mume kwa ajili ya mahitaji ya lazima yake na ya watoto. Kwa hiyo kabla hujasema "deni lako", hakikisha si deni lenu.

Riba inavyofanya kazi

Ili umsaidie mwenzako lazima uelewe alichouziwa. Chukua mfano wa mkopo wa shilingi 200,000. Siku ya kuchukua inakatwa 20,000 ya fomu na bima, anapokea 180,000. Rejesho ni 10,000 kila siku kwa siku 26. Atakuwa amelipa 260,000. Amepokea 180,000 na kurudisha 260,000, yaani gharama ya 80,000 kwa muda usiotimia mwezi.

Na si hilo tu. Kwa kuwa anaanza kurudisha kesho yake, zile 180,000 hajakaa nazo mwezi. Ikifika katikati ya mkopo ameshatoa 130,000. Biashara aliyotaka kuikuza inaliwa mtaji kabla mzigo haujauzwa, na hapo ndipo anapotafuta mkopo wa pili. Asilaumiwe kwamba hajui biashara. Mkopo wa namna hiyo hauna nafasi ya kuzalisha.

Sasa pima na sheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne. La kwanza ni mabenki na taasisi zinazopokea amana, la pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, la tatu ni SACCOS, la nne ni vikundi vya kijamii kama vikoba. Kwa daraja la pili Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wetu wa 200,000, hiyo ni shilingi 7,000. Linganisha 7,000 na ile 80,000, utaona kwa nini wakopeshaji wengi wa mtaani hawapendi mteja aje na mume au mke anayeuliza maswali.

Upande wa simu mambo hayakuwa mema zaidi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Wengi katika ukumbi huu wanaujua mtindo wa programu hizo: ukichelewa, ujumbe unatumwa kwa mama mkwe, kwa mwajiri, kwa fundi wako wa zamani, kwa kila aliyeko kwenye orodha yako ya simu, ukikutaja kuwa tapeli. Silaha yao ni aibu, na mtu ambaye mwenza wake hajui ndiye anayelipa haraka zaidi. Nyumba isiyo na siri juu ya madeni imewanyang'anya silaha hiyo.

Siku ya kuambiwa

Ikitokea mwenzako amepata ujasiri wa kukueleza, elewa kwamba siku hiyo ndiyo itakayoamua kama atakueleza yaliyobaki. Watu wenye madeni hawasemi yote mara moja. Wanatoa la kikoba kwanza kwa sababu lina heshima, wanatazama uso wako, kisha wanaamua kama wataje la kausha damu. Ukipiga meza kwenye la kwanza, la tatu na la nne hutayasikia mpaka wadai waje wenyewe.

Siku hiyo usimpigie simu shemeji wala mkwe. Usiuze kitu, maana kitu kinachouzwa kwa hasira huuzwa nusu ya bei. Usitoe fedha papo hapo kuzima deni moja huku mengine hujayajua. Na ninyi mabwana, nasema hili kwa uzito: kumpiga mke kwa ajili ya deni ni kosa mbele ya sheria na mbele ya Mungu, na halijawahi kupunguza hata shilingi. Wanawake wamekimbia nyumba na watoto kwa kuogopa siku hiyo kuliko walivyomwogopa mdai. Kama unampenda, mwambie maneno machache tu: nimesikia, tutayahesabu pamoja, usikope tena mpaka tumalize hesabu.

Daftari

Kesho yake chukueni daftari. Kila deni lipewe ukurasa wake. Andikeni jina la anayedai, kiasi kilichopokelewa mkononi, kilichokwisha kulipwa, kinachodaiwa kubaki, rejesho na siku zake, dhamana iliyowekwa, jina la mdhamini, na kama mkataba upo. Lisiachwe la Mangi, la ada, la kodi ya nyumba wala la simu. Kwa kila taasisi ombeni nakala ya mkataba na taarifa ya mkopo inayoonyesha malipo yote. Mkopeshaji asiyetoa nakala ya mkataba amekuambia jambo muhimu juu yake mwenyewe. Nendeni pia kwenye tovuti ya Benki Kuu mwone kama yumo katika orodha ya wenye leseni.

Tuseme daftari limetoa picha hii: kikoba 300,000, kausha damu wawili 190,000 na 140,000, ada ya shule 160,000, Mangi 85,000, simu 45,000. Jumla 920,000. Marejesho ya wale wawili ni 18,000 kwa siku, na faida ya genge la mama ni 15,000 kwa siku. Hapo wote wawili mtaona kwa macho kwamba hakukuwa na namna ya kutokopa tena. Sasa wekeni kipato cha nyumba nzima: 15,000 za genge na wastani wa 10,000 za baba. Toeni 19,000 za chakula, kodi na nauli. Zinabaki 6,000. Kwa siku 26 za kazi ni 156,000 kwa mwezi. Deni lote, likizuiwa lisikue, ni la miezi sita.

Miezi sita ni kazi, lakini ina mwisho. Mtu ambaye kwa mwaka mzima aliamini kwamba maisha yake yamekwisha anapoona tarehe ya mwisho kwenye karatasi, hupata usingizi. Nimeshuhudia nyumba nyingi zikipata nafuu kwenye daftari kabla hazijalipa hata senti.

Nani alipwe kwanza

Chakula, dawa na kodi ya nyumba hutangulia madeni yote, kwa kuwa mtu mwenye njaa atakopa tena. Baada ya hapo litazameni deni lenye dhamana ambayo ikichukuliwa kipato kinakufa: cherehani, pikipiki, jiko la biashara, nyumba. Kisha deni lenye mdhamini, maana jirani aliyeweka saini kwa wema hapaswi kuuziwa kitanda. Kikoba nacho kina uzito wake, kwa sababu fedha ile ni jasho la wanawake wenzako na siku ya kuvunja mzunguko inajulikana. Katika yanayobaki, anzeni na lenye riba kali zaidi. Anayepiga kelele kuliko wote si lazima awe wa kwanza. Utaratibu unatoka kwenye daftari, na kelele za mlangoni hazibadilishi daftari.

Kukutana na anayedai

Nendeni wawili, na nendeni kabla ya siku ya rejesho. Anayekwenda mapema husikilizwa kuliko anayetafutwa. Afisa mikopo wa mtaani mara nyingi hana mamlaka ya kubadili masharti, naye anabanwa kwa kila rejesho linalokosekana, kwa hiyo ombeni kumwona meneja. Fikeni na pendekezo lililoandikwa: tunakiri salio hili, kipato chetu ni hiki, tunaweza kutoa kiasi hiki kila wiki kuanzia tarehe hii, tunaomba muda urefushwe na faini zisimame.

Pendekezeni kiasi mnachoweza kukitoa hata wiki mbaya. Elfu kumi na mbili inayofika kila Ijumaa inajenga imani, na elfu thelathini iliyoahidiwa ikakosekana inabomoa. Mkikubaliana, makubaliano yaandikwe na kutiwa saini na pande zote mbili. Lipeni kwa njia inayoacha ushahidi, kwenye akaunti au namba ya taasisi, kamwe isiwe namba binafsi ya mtumishi. Tunzeni kila stakabadhi mpaka mpate barua kwamba deni limekwisha na dhamana irudishwe.

Katika mazungumzo hayo kazi ya mwenza asiyedaiwa ni kuwa shahidi mtulivu. Msaidie mwenzako akumbuke tarakimu, andika kinachosemwa, na hakikisha hashawishiwi kusaini kwa hofu. Heshima itangulie pia. Mkopeshaji halali alitoa fedha yake na ana haki ya kurudishiwa. Waislamu mliopo mnajua kwamba Sura ya Al-Baqara inaagiza deni liandikwe kwa mashahidi, na inaagiza pia mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja: andika, na omba nafasi.

Saini yako na mlango wako

Sasa niseme juu ya mipaka, maana kumsaidia mwenza hakukulazimu kuzama naye. Kuoana peke yake hakukufanyi mdhamini. Mke ana haki sawa na mwanamume ya kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 56 cha Sheria ya Ndoa. Lakini ukitia saini kama mdhamini, umeshakuwa mdaiwa wa akiba: mwenzako akishindwa, watakuja kwako. Usisaini udhamini kwa kuambiwa kwamba ni karatasi ya kawaida tu.

Nyumba ya ndoa ina ulinzi wake. Kifungu cha 59 kinakataza mwanandoa mmoja kuiuza, kuigawa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 114, inataka rehani ya nyumba ya ndoa iwe na saini au ridhaa ya mwenza. Saini yako ndiyo kufuli la nyumba ya watoto wako. Mkopo wa genge usilifungue.

Na anayedai hana ruhusa ya kuingia ndani na kubeba televisheni kwa sababu tu ana hasira. Kwa deni lisilo na dhamana, mali hukamatwa kwa amri ya mahakama, na hukamatwa na dalali wa mahakama aliyeteuliwa. Hata hapo Sheria ya Mwenendo wa Madai inaacha nje nguo, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko ya familia, na zana za fundi. Kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai. Wanaokutishia lupango kesho asubuhi wanategemea usiyajue hayo. Mahakama inaweza kumfunga mdaiwa kama mfungwa wa madai, lakini baada ya hukumu na kwa utaratibu wake. Wito wa mahakama ukija, usiukimbie. Nendeni, mkaombe kulipa kwa awamu.

Namba ya siri ya benki haitolewi kwa mkopeshaji, na kadi haiachwi kwake. Taarifa zako na za ndugu zako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Malalamiko dhidi ya mkopeshaji mwenye leseni yaanzie kwake kwa maandishi, yasipojibiwa yapelekwe Benki Kuu. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, watawasaidia kuandika bila malipo.

Kuziba chanzo

Mwenza akilipa deni kimya kimya na nyumba ikabaki vilevile, deni litarudi. Kama chanzo kilikuwa 5,000 za mezani, basi bei ya unga izungumzwe kati yenu kila wiki. Kama ni kubeti au pombe, mdaiwa akubali fedha zipite mkononi mwa mwenzake kwa muda mliokubaliana, na atafute msaada kwa anayemwamini, awe daktari au kiongozi wa dini. Kama ni michango isiyoisha, mwe na sauti moja mnaposema kwamba mwaka huu hatuna.

Mkopo mpya wa kulipia wa zamani nauruhusu katika hali moja tu: uwe wa gharama nafuu kabisa, kama wa SACCOS, ulipe moja kwa moja madeni yaliyoko daftarini, na milango ile ya zamani ifungwe. Zipo pia fedha zisizo na riba, zile asilimia 10 za mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hizo ni za kukuza kazi, zitafuteni mkiwa mmeshatulia.

Wapo watakaosema tiba ni kila mke aombe ruhusa ya mume kabla ya kukopa. Napinga. Hilo lingewanyima wanawake haki waliyopewa na sheria, na lingeongeza siri badala ya kuipunguza. Ninachokitaka ni uwazi wa pande zote mbili: mume aseme anachopata na anachodaiwa, mke vilevile, mara moja kila mwezi, daftari likiwa wazi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mashekhe, mapadri na wachungaji, katika mafunzo ya wachumba muingize somo la kuhesabu kipato na madeni kabla ya mahari haijapokelewa. Viongozi wa vikoba, mwanachama anapochelewa mara mbili, mfuateni kwa maswali kabla ya kumfuata kwa faini, kwa kuwa huenda anadaiwa kwingine. Na wewe uliyeoa au kuolewa, usingoje kuambiwa. Leo jioni, watoto wakishalala, anza wewe kutaja madeni yako, hata yale madogo. Anayetangulia kusema humrahisishia mwenzake, na nyumba ambayo wawili wanajua inadaiwa shilingi ngapi imeshaanza kulipa.